Naomba ushauri: nimwulize fundi maswali gani kabla ya kubadilisha kioo cha mlango wa gari?

Mwendapole

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Juzi jioni nilikuwa nimeegesha gari kando ya uwanja uliokuwa ukifyekwa nyasi kwa mashine, na jiwe dogo lililorushwa na mashine hiyo likapiga kioo cha mlango wa nyuma wa kushoto. Sikusikia mshindo mkubwa; nilisikia kama mtu aliyemwaga kokoto juu ya bati, na nilipogeuka kioo chote kilikuwa kimekuwa punje. Nyingine zilikuwa kwenye kiti, nyingine sakafuni, na nyingine, kama nilivyokuja kugundua baadaye, zilidondoka ndani ya tumbo la mlango wenyewe, kwa maana kila nikiufunga huzisikia zikilia kama kayamba.

Nimeshawapigia simu mafundi watatu. Wote walinitajia bei kabla hawajaniuliza gari ni la aina gani wala la mwaka gani, jambo ambalo limenitia wasiwasi kuliko bei zenyewe. Sina ujuzi wa magari, ila sipendi kukabidhi ufunguo huku sijui ninachokubali. Naomba mnisaidie: ni maswali gani ya kuuliza kabla kazi haijaanza, na majibu gani yanapaswa kunifanya niondoke?

Fundi Mstaafu

Pole sana, ndugu Mwendapole. Nimefunga vioo vya magari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na wasiwasi wako una msingi. Swali la kwanza si lako bali ni la fundi: sikiliza kama atakuomba namba ya chasisi. Magari mawili ya aina moja na ya mwaka mmoja yanaweza kuwa na vioo tofauti katika mlango uleule, kwa sababu moja lilitoka kiwandani na kioo chenye giza na jingine na kioo cha kawaida, au moja lina nyaya za antena ndani ya kioo na jingine halina, au matundu ya kufungia kioo kwenye mashine ya kukipandisha yako mahali tofauti. Asiyekuomba namba hiyo anabahatisha, na wewe ndiye utakayelipia kubahatisha kwake kwa siku za kusubiri kioo kingine.

Kwa kuwa lugha yetu hutumia neno moja kwa vitu viwili, hakikisheni pia kwamba mnazungumzia kitu kimoja. Niliwahi kupokea oda ya kioo cha mlango wa kulia, nikaagiza kioo cha dirisha, kumbe mteja alikuwa amevunja saitimira. Sema dirisha, sema mlango wa mbele au wa nyuma, sema kulia au kushoto kwa mtu aliyekaa ndani ya gari akitazama mbele. Mlango wa nyuma mara nyingi huwa na vioo viwili, kikubwa kinachoshuka na kidogo kisichotembea, kwa hiyo taja kilichovunjika ni kipi. Hicho kidogo, katika magari mengi, hubandikwa kwa gundi, na kazi yake ni nyingine kabisa.

Kisha uliza kioo chenyewe ni cha aina gani. Kioo cha mbele cha gari ni tabaka mbili zilizobana utando wa plastiki katikati, ndiyo maana kikipigwa hupata nyufa na kubaki mahali pake. Kioo cha mlango katika magari mengi ni cha tabaka moja, kilichopashwa moto kupita nyuzi 600 za Selsiasi kisha kikapozwa ghafla kwa hewa ili uso wake ujikaze. Ndiyo sababu chako kimekuwa punje butu badala ya vipande vyenye makali. Lakini yapo magari, hasa yale yaliyoundwa ili ndani kuwe na utulivu, ambayo vioo vyake vya milango ni vya tabaka mbili kama cha mbele. Mwenye gari la namna hiyo akifungiwa cha tabaka moja, gari litatembea, ila kelele za barabarani atazisikia kila siku.

Nenda sasa hivi kwenye mlango wa upande wa pili, uchuchumae, usome maandishi madogo yaliyochapwa kwenye pembe ya kioo. Huenda ukaona neno Tempered, yaani cha tabaka moja kilichokazwa kwa moto, au Laminated, yaani cha tabaka mbili. Huenda pia ukaona herufi E yenye tarakimu ndani ya duara, ambayo huonyesha nchi iliyokiidhinisha (1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 11 ni Uingereza), na karibu yake 43R, yaani Kanuni namba 43 ya Umoja wa Mataifa inayohusu vioo vya magari. Piga picha, kisha mwulize fundi kama kioo anacholeta kitakuwa na alama za aina hiyo. Kioo kisichokuwa na alama yoyote mimi nisingekifunga hata kwenye gari la adui yangu.

Jambo moja zaidi, ambalo ni sababu ya kuondoka bila kuaga. Kioo kilichokwisha kukazwa kwa moto hakikatwi, hakitobolewi wala hakisuguliwi ukingo ili kikae, kwa kuwa ukikigusa kwa msumeno kinasambaratika chote. Fundi akikuambia kwamba watakipunguza kidogo kiingie, ama hajui kazi, ama anakusudia kukufungia kioo cha dirisha la nyumba.

Bi Tulizo

Naunga mkono aliyosema mzee wetu, lakini kaka Mwendapole, naomba uongeze swali ambalo mimi sikuuliza na likanigharimu: je, ule utando wa plastiki ulio nyuma ya kifuniko cha ndani cha mlango utarudishwaje?

Mimi sikujua hata kwamba upo. Kioo changu kilibadilishwa kwa saa moja na nusu, kikapanda na kushuka vizuri, nikalipa na kushukuru. Baada ya wiki kadhaa za mvua nikaanza kusikia harufu ya uvundo ndani ya gari. Nilipoinua zulia la mbele lilikuwa limelowa kiasi cha kukamuliwa. Fundi mwingine alipofungua mlango akanionyesha utando huo umechanwa katikati na kubandikwa kwa vipande vya selotepu vilivyokwisha kubanduka. Akanieleza kwamba maji ya mvua huingia ndani ya mlango kila siku kwa kupitia pale kioo kinapoteleza, na hilo si kosa, kwa sababu mlango una matundu chini ya kuyatolea. Kazi ya utando ni kuyazuia yasije upande wa abiria. Ule wa gari langu ulikuwa umeshikiliwa na gundi nyeusi inayonata kama ulimbo, na ilitosha kuubandua taratibu na kuurudisha kwa gundi ileile.

Niliporudi kwenye gereji ya kwanza waliniambia kwamba mimi ndiye niliyeacha dirisha wazi. Sikuwa na karatasi yoyote yenye maneno yao, kwa hiyo mazungumzo yaliishia hapo.

Kipanga

Mbona mnamtisha mwenzetu? Kioo kilichotolewa kwenye gari kuukuu la aina ileile kinatosha kabisa, na ni cha kiwandani kuliko hivyo vipya vya kuiga. Mimi nimefunga viwili na sijaona tofauti. Mwulize fundi kama anaweza kupata cha mtumba, basi.

Fundi Mstaafu

Ndugu Kipanga, katika hilo sitakupinga sana. Kioo cha mtumba cha gari sahihi hakichakai kwa umri kama mpira unavyochakaa. Kinachokiharibu ni mikwaruzo na ukingo uliogongwa. Mwendapole akiamua kukichukua, aombe kukishika kabla hakijafungwa, apitishe kitambaa ukingoni pote, na kitambaa kikinasa mahali hapo pana jeraha, basi akirudishe, kwa maana kioo kilichojeruhiwa ukingoni kinaweza kusambaratika siku mlango utakapofungwa kwa nguvu kidogo. Atazame pia mikwaruzo ya wima, ambayo husababishwa na mchanga uliokwama kwenye mpira wa gari la awali. Mikwaruzo hiyo haiondoki kwa kung'arisha.

Msoma Mkataba

Nitazungumzia makaratasi tu. Kama una bima inayofidia uharibifu wa gari lako mwenyewe, wasiliana na kampuni kabla fundi hajagusa chochote. Uliza mambo matatu: kama vioo vya pembeni vimo katika mkataba, sehemu utakayojilipia wewe ni kiasi gani, na kama unalazimika kwenda kwa fundi waliyemteua wao. Wapo watu wanaotengeneza kwanza na kudai baadaye, wakaambiwa kwamba uharibifu haukuthibitishwa. Ikiwa sehemu utakayojilipia inakaribia gharama yote, huenda kudai hakuna faida. Na kwa kuwa jiwe lilirushwa na mashine ya mtu, mweleze mwenye mashine pia, kwa maandishi, pamoja na picha za siku hiyohiyo.

Kwa upande wa fundi, bei aliyoitaja ihusu nini? Kioo pekee, au kioo na kazi, au kioo, kazi, klipu na usafishaji? Mwambie aiandike, na aandike dhamana inahusu nini: kuvuja, mlio wa upepo, kioo kukwama.

Mwendapole

Nawashukuru sana. Nimesoma alama za upande wa pili: ni cha tabaka moja, na kina giza la kiwandani. Nina maswali mawili zaidi kwa mzee. Madirisha yangu ni ya umeme na hupanda yenyewe kwa kubofya mara moja. Je, yanahitaji marekebisho baada ya kazi? Na punje zilizo ndani ya mlango, je, nizitoe mwenyewe?

Fundi Mstaafu

Usizitoe, na tafadhali usibofye swichi ya dirisha hilo hata kwa kujaribu. Punje zikisagwa ndani ya reli zinaharibu mpira, na mashine inaweza kuruka waya wake. Funika uwazi kwa plastiki na uubandike kwenye fremu, lakini gundi isikae siku nyingi juu ya rangi. Kiti kisafishe kwa mashine ya kufyonza vumbi, wala si kwa kiganja, na usisahau mfereji wa reli ya kiti na kishikio cha mkanda.

Fundi ndiye wa kufungua mlango na kutoa punje zote, na hili liulize kwa maneno yasiyo na utata, kwa sababu ndilo linalorukwa kuliko yote. Zikiachwa huziba yale matundu ya chini aliyoyataja Bi Tulizo, maji yakatuama, na mlango ukaanza kutu kutoka ndani mahali ambapo macho hayafiki. Uliza pia kama mashine ya kioo na mipira ya reli itakaguliwa kabla kioo kipya hakijaingia, na kwamba akikuta ubovu atakupigia simu kwanza. Jiwe halikugusa mashine yako, kwa hiyo huenda ni nzima, lakini kioo kipya kwenye mpira uliokakamaa hupanda kikiwa kimeinama.

Dirisha linalopanda lenyewe lina kinga ya kutobana mkono, na katika magari mengi kinga hiyo hupoteza kumbukumbu betri ikitolewa au mota ikiguswa. Kuifundisha upya huwa ni kazi ya dakika chache: kioo hupandishwa hadi juu na swichi kushikiliwa sekunde kadhaa, kwa kadiri kitabu cha gari kinavyoelekeza. Mwulize kama atafanya hivyo mbele yako. Kwa walio na tatizo la mlango wa mbele ningeongeza swali la mfuko wa hewa wa pembeni, maana baadhi ya magari huwa na kihisi cha mgandamizo wa hewa ndani ya mlango huo, nacho kinahitaji utando usiochanika.

Giza la kiwandani limo ndani ya kioo chenyewe, si tinti ya kubandika. Fundi akisema ataleta cheupe kisha akibandike tinti kifanane, uamuzi ni wako, ila rangi hazitalingana kabisa juani.

Mwendapole

Narudi na taarifa. Fundi wa kwanza niliyemsomea maswali alinikatiza kwenye la tatu, akasema kioo ni kioo. Wa pili aliniomba namba ya chasisi kabla sijafungua daftari langu, akaandika kwenye karatasi yake "kutoa punje zote, kurudisha utando", akanikaribisha nisimame karibu wakati wa kazi. Alipoondoa kifuniko cha ndani alinionyesha punje zilizojaa chini ya mlango, akazifyonza, kisha akapitisha waya mwembamba kwenye kila tundu la maji. Kioo kipya kina alama zinazolingana na za upande wa pili. Tulimwagia mlango maji ya mpira kwa dakika kumi na zulia likabaki kavu.

Limebaki jambo moja. Gari likipita kwenye matuta nasikia mlio mdogo, "tik", ndani ya mlango uleule, wala si ule wa kayamba. Je, ni punje iliyosahauliwa?

Fundi Mstaafu

Punje moja ingetembea na kulia ovyo, hata ukiufunga mlango. Mlio mmoja kwenye tuta mara nyingi ni klipu ya kifuniko iliyovunjika wakati wa kufungua, au bolti ya kioo ambayo haijakazwa vya kutosha. Shusha kioo nusu, ukishike kwa vidole viwili na ukitikise kuelekea ndani na nje, kisha ufanye vivyo hivyo kwenye mlango wa upande wa pili. Kikicheza zaidi ya kile, usilitembeze gari sana. Mrudishie kesho pamoja na ile karatasi. Kama vinacheza sawa, bonyeza kifuniko kwa kiganja kuzunguka ukingo wake wote, na pale kitakapobonyea ndipo klipu inapokosekana.

Mwendapole

Kimebonyea, pembe ya chini karibu na bawaba. Nimempigia fundi, na amesema nipite asubuhi, klipu anazo.