Kifua kinabana toka nihamishiwe kutundika kuku hai, ni vumbi au ni ugonjwa?

Kibarua_wa_Pugu:
Habarini wakuu. Niko machinjio ya kuku huku nje kidogo ya Dar, kiwanda sikitaji maana ndo kinanilisha. Nilikuwa kupaki sina shida yoyote, wakanihamishia mapokezi, kazi ni kuwatoa kuku kwenye makreti na kuwatundika miguu juu kwenye vyuma, na broila akitundikwa anapiga mabawa hatari, vumbi na manyoya yote usoni mpaka kope zinakuwa nyeupe. Ikifika jioni kifua kinabana, kikohozi kikavu, usiku kifua kinapiga miluzi mpaka mke wangu anaamka. Jumapili nikipumzika nakuwa freshi, Jumatatu palepale. TB nimepima makohozi safi, amoksilini nimekunywa dozi mbili hola. Barakoa tunapewa zile za bluu za enzi za korona. Kuna aliyepitia hii? au ndo mafua ya ndege niandike wosia kabisa

Mzee_wa_Firigisi:
Pole sana mdogo wangu, wosia subiri kwanza 😂. Mi nimenyonyoa kuku sokoni zamani, pale ni drum la maji moto na ile mashine yenye vidole vya mpira, ikiwashwa inarusha maji yenye kinyesi na manyoya kama mvua ya manyunyu, barakoa inalowa hata nusu saa haijaisha, ikilowa huwezi kupumua unaishusha kidevuni, basi unavuta yote. Waliokuwa wanapasua na kutoa utumbo kule ndani walikuwa hawakohoi kama sisi.

tabibu_wa_zahanati:
Mkuu hiyo ya kupata nafuu siku ya off na kurudi Jumatatu ndo inaniambia mengi, mafua ya ndege hayafuati ratiba ya shifti, hayo yangekuja na homa na pengine ungeona kuku wanakufa hovyo kwenye makreti. Lile vumbi ni kinyesi kikavu, magamba ya ngozi, vipande vya manyoya na bakteria wengi sana, na hewa ya pale kwenye kutundika na kunyonyoa ndo chafu kuliko sehemu zote, ukielekea kwenye kupoza na kupaki inapungua sana, ndo maana kupaki ulikuwa mzima. Sasa wengi hawajui kuwa bakteria hata akifa bado anakuumiza, vipande vya ukuta wake vinaitwa endotoksini, ukivivuta njia ya hewa inavimba na kubana. Hapo hakuna mdudu wa kuua, amoksilini itafanya nini? Nenda hospitali wakupime pumu ya kazini. Kuna kale kakifaa ka kupuliza kanakopima kasi ya pumzi unayotoa, unapuliza mara kadhaa kwa siku kwa wiki mbili hivi, siku za kazi na za off, unaandika kwenye daftari, namba zikishuka siku za kazi tu daktari ana pa kuanzia.

Chuma_Chakavu:
Mnamtisha bure, sisi tumelala na kuku chumba kimoja toka utotoni mbona tuko fiti

tabibu_wa_zahanati:
@Chuma_Chakavu kuku wako kumi wa kienyeji wamelala kimya gizani, yeye anashika maelfu kwa shifti wote wanapiga mabawa. Na maambukizi ya kweli pia yapo, mwaka 2018 kule Marekani, majimbo ya Virginia na Georgia, wafanyakazi wa machinjio ya kuku waliugua nimonia ya bakteria anaitwa Chlamydia psittaci, anatoka kwa ndege, unamvuta na vumbi. Homa, kichwa kinauma, kikohozi kikavu. Huku kwetu ukienda na homa hiyo utapimwa malaria na taifodi urudi nyumbani. Amoksilini haimgusi, doksisaiklini ndo dawa yake. Kwa hiyo ukiwa na homa sema kabisa unafanya kazi ya kuku, usisubiri uulizwe, hawaulizagi.

Dada_Sheria:
Kaka, sheria ya usalama na afya kazini ya 2003 inamtaka mwajiri awapime afya wakati wa kuanza, katikati na mkiondoka, ulizia kama mlipimwa. Ugonjwa wa kazi unalipwa na WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na michango anatoa mwajiri, wewe hukatwi hata mia. Ila bila cheti cha daktari kinachotaja kazi yako hufiki popote, hilo daftari litunze.

Kibarua_wa_Pugu:
Asanteni sana, homa sina. Supavaiza anasema ataleta feni kubwa

Mzee_wa_Firigisi:
Feni itakuwa nyuma yako au mbele yako? maana ikipuliza kutoka kwa kuku kuja kwako bora isiwepo

tabibu_wa_zahanati:
Hapo umenena mzee. Hewa itoke upande wa kupaki iende kwa kuku hai halafu itolewe nje. Mwambie pia ajaribu taa za bluu hafifu pale kwenye kutundika, kuku haoni vizuri kwenye bluu anatulia, mabawa yanapungua na vumbi linapungua. Na msifagie pakavu. Hizo barakoa za bluu zinaacha nafasi mashavuni, omba N95 au FFP2, zile barakoa za kuchuja vumbi zinazobana usoni, na kama unafuga ndevu nyoa, haitabana

Kibarua_wa_Pugu:
Ndevu tena 😅 haya. Kesho naanzia hospitali, nikitoka naomba kurudishwa kupaki.

Dada_Sheria:
Omba kwa maandishi, nakala ubaki nayo.