Mjadala: Tenda za mtandao za halmashauri zidai kiwango cha BPF, au kila muuzaji aje na lake?

FundiWaUyole (mleta mada)
Wakuu, kamwene wa Iringa na Njombe, ugonile wa Rungwe, wengine habari za leo.

Halmashauri zetu huku nyanda za juu zikiitisha tenda ya mtandao, karatasi ya mahitaji inaandika "ruta yenye fayawoli", basi. Matokeo yake zahanati moja ina kompyuta kuukuu ya Intel iliyogeuzwa ruta, shule ya jirani ina kompyuta ya ARM ya ukubwa wa kiganja, ofisi ya kata ina boksi la MIPS. Kichujio kimoja tu, tuseme kuzuia UDP (njia mojawapo ya kusafirisha data mtandaoni) yote isipokuwa ya DNS (huduma ya kutafuta anwani za tovuti), unakiandika mara tatu kwa namna tatu. Fundi akihama, anayempokea anaanza sifuri.

Oktoba 2024 IETF, wale wanaotunga kanuni za intaneti, walitoa RFC 9669 (RFC ni waraka wao wa kanuni), seti ya maagizo ya BPF, jina lililotokana na Berkeley Packet Filter, yaani kichujio cha pakiti, vile vipande vya data vinavyopita mtandaoni. Ni lugha ya mashine isiyofungwa kwa prosesa yoyote. Ina rejista (vihifadhi vidogo vya namba) R0 mpaka R9 za kufanyia kazi, R10 ya kusoma tu inayoshika anwani ya steki (kumbukumbu ya muda ya programu), na kila agizo lina biti 64 (machache biti 128). Unaandika kichujio kwa C mara moja, kompaila ya Clang inakitoa kwa maagizo hayo, halafu kifaa chenyewe kinayageuza kuwa ya prosesa yake. Naomba tujadili: tenda za umma zidai vifaa vinavyopokea maagizo haya. Fedha ni za wananchi, kazi iliyolipiwa isiwe mateka wa muuzaji.

Na tuseme ukweli, tumechoka na mafundi wa kubofya. Wanajua pa kubonyeza, lakini waulize pakiti inapita wapi, wanakodoa macho.

MwanjelwaWaya
Mleta mada ulianza vizuri ukamalizia kwa dharau. Mimi ndiye huyo fundi wa kubofya. Napanda mnara Juni baridi ikikata vidole, navuta waya darini kwenye vumbi, usiku napigiwa simu kwamba intaneti ya hospitali imekata na nafika. Wewe mwenye R0 na R10 upo wapi saa hizo? Mteja hanunui rejista, ananunua mtandao unaofanya kazi. Huku mtaani tunalisha familia kwa kubofya, tuheshimiane.

MwalimuTukuyu
Nimekifungua hicho kiwango mnachokisifia nikafika kwenye agizo la kugawa. Kimeandika kwamba ukigawa kwa sifuri, rejista ya jibu inawekwa sifuri. Nimerudia kusoma nikidhani macho yamenidanganya. Nafundisha hisabati sekondari, kila mwaka napigana na watoto waelewe kwamba kugawa kwa sifuri hakuna jibu. Leo wahandisi wa dunia wanakaa mezani wanapitisha kwamba jibu lipo. Kama msingi uko hivi, mimi sitaki halmashauri yangu iununue.

DadaMafinga
Kabla hatujafika mbali, naomba jambo moja litazamwe. RFC 9669 inafafanua maagizo tu. Kichujio cha maana hakiishi kwa maagizo peke yake, kinahitaji kuita wasaidizi walio kwenye kerneli (kiini cha mfumo endeshi), kwa mfano wa kutafuta anwani kwenye jedwali. Wasaidizi wale wanaitwa kwa namba, na orodha ya namba ni ya kila jukwaa, haimo kwenye kiwango. Mhakiki anayekagua programu kabla haijaruhusiwa kuingia naye hamo. Linux ina wake ndani ya kerneli, Windows tangu mradi wake wa 2021 inatumia mwingine unaoitwa PREVAIL. Programu inaweza kukubaliwa huku ikakataliwa kule, na maagizo yake yote ni halali. Kwa hiyo tenda ikiandika "kifaa kifuate RFC 9669" tu, tutakuwa tumenunua nusu ya tunachodhani tumenunua.

KijanaIyunga
Mwalimu shikamoo. Kwa heshima zote, hapo hujaitazama mashine. Prosesa ya x86, ile ya Intel, ukiipa mgawanyo kwa sifuri inatoa hitilafu, na ukiwa ndani ya kerneli hilo ni balaa. ARM inarudisha 0 kimyakimya. RISC-V inarudisha biti zote zikiwa 1. Prosesa tatu, tabia tatu. Kama kiwango kingekaa kimya, kichujio kimoja kingetupa pakiti Mbeya, kikaipitisha Njombe, na Iringa kikaangusha ruta nzima. Ndiyo maana wameandika neno moja kwa wote: jibu ni 0. Na baki ya kugawa kwa sifuri inaacha rejista ilivyokuwa. Hiyo si hesabu ya darasani, ni makubaliano ya tabia.

MwalimuTukuyu
Marahaba. Lakini kijana, usinifundishe tofauti ya makubaliano na ukweli, naijua kabla hujaanza darasa la kwanza. Sikiliza hoja yangu vizuri. Programu imekosea, mgawanyiko umeshindikana, halafu badala ya kusimama inaendelea na jibu la kubuni. Hiki ni kichujio cha ulinzi! Pakiti iliyopaswa kuzuiwa inaweza kupita kwa sababu hesabu ya uongo imesema sawa. Kusimama kungekuwa salama zaidi.

KijanaIyunga
Kusimama kulikuwepo. BPF ya zamani ikikutana na kigawanyo sifuri ilikuwa inarudisha 0, na kwenye kichujio 0 maana yake tupa pakiti. Hata Linux ilikuwa ikikatisha programu mpaka 2018. Wakabadilisha, kwa sababu siku hizi programu hizi si vichujio tu. Nyingine zinapima kasi ya diski, nyingine zinagawa mzigo kwa seva. Kwenye programu ya namna hiyo, kurudisha 0 ghafla si lazima iwe salama. Anayejali anakagua kigawanyo kabla ya kugawa, agizo moja tu la kulinganisha.

MwanjelwaWaya
Sasa mmeona? Mtu anataka kuzuia video saa za masomo, mpo kwenye kugawa kwa sifuri. Na nilisikia hizo programu haziruhusiwi kuzidi maagizo 4096. Orodha yangu ya kuzuia peke yake ina mistari zaidi ya hiyo.

BabuWaIpogolo
Ndugu wa Mwanjelwa, hiyo 4096 ni habari ya zamani. Tangu Linux 5.2 ya 2019, mwenye mamlaka kamili ya mashine anapewa hadi maagizo milioni moja ya kukaguliwa. Asiye na mamlaka ndiye aliyebaki na 4096. Tena ukomo huo ni wa mhakiki wa Linux, kama dada wa Mafinga alivyogusia. Na orodha ya anwani huigeuzi kuwa maagizo, unaiweka kwenye jedwali na programu inauliza jedwali.

Nawaona mnazungumzia jambo hili kama la jana. Chanzo chake ni Steven McCanne na Van Jacobson wa maabara ya Lawrence Berkeley, waraka wao ulisomwa mkutano wa USENIX Januari 1993. Shida yao ilikuwa ndogo na ya kweli: programu ya kuangalia pakiti ilikuwa inanakiliwa kila pakiti kutoka kwenye kerneli, hata zile isizozitaka, na kunakili ni gharama. Wakaweka kichujio ndani ya kerneli, pakiti ikataliwe kabla ya kunakiliwa. Vichujio vya kabla yao vilifuata mashine ya steki, wao wakatumia rejista kwa sababu prosesa za wakati ule zilishakuwa za rejista. Walikuwa na mbili tu, A na X, za biti 32.

Fungueni mashine yoyote yenye tcpdump, programu ya kuangalia pakiti, andikeni `tcpdump -d ip and udp`. Kwenye Ethernet mtaona mistari sita. Wa kwanza unachukua baiti mbili kuanzia nafasi ya 12 ya fremu. Wa pili unauliza, ni 0x800? Kama sivyo si IPv4, ruka hadi mwisho, rudisha 0. Kama ndivyo, chukua baiti ya 23, ambako IP inaandika aina ya itifaki. Ni 0x11, yaani 17? Basi ni UDP, ipitishe. Ukiishika mistari hiyo sita, unajua pakiti inapita wapi. Nimewafundisha vijana wengi hapa Iringa kwa mistari hiyo, wengi wao hawakupita chuo, na walielewa. Kwa hiyo mleta mada, neno lako kuhusu mafundi halikuwa na msingi. Anayepanda mnara anaweza kusoma hii, hajaonyeshwa tu.

MwanjelwaWaya
Mzee asante, hapo umenena. Nimeijaribu sasa hivi kwenye kompyuta ya ofisini, nimeiona mistari sita. Ila mleta mada bado hajasema kitu kuhusu alichoniita.

FundiWaUyole
Neno la kubofya nalifuta, lilikuwa kali kwa watu wasiostahili. Ila hoja siifuti. Wanafundishwa kubofya kwa sababu muuzaji hakuwapa kingine. Boksi limefungwa, huwezi kupakia programu yako, huwezi kuona kichujio kimegeuzwa kuwa nini. Fundi anabaki na vitufe. Ndiyo maana nataka tenda iseme.

MwalimuTukuyu
Swali langu halijajibiwa. Nani aliwapa mamlaka watu wa IETF waamue sifuri ya kifaa kinachonunuliwa na kodi ya Rungwe?

KijanaIyunga
Hakuna aliyewapa mamlaka juu ya Rungwe, mwalimu. RFC haimlazimishi mtu. Kikosi kazi chao cha BPF kiliundwa 2023, orodha yao ya barua pepe iko wazi, ungeweza kuandika hoja yako ya sifuri na wangelazimika kuijibu. Kinachoumiza ni kwamba sisi hatuandiki. Tunapokea vifaa, halafu tunalalamika.

DadaMafinga
Na mwalimu, kuna kitu humo ndani kinachokuhusu moja kwa moja. Kiwango kimegawa maagizo katika makundi. Lazima kwa kila mtekelezaji ni base32 peke yake; base64 inaijumuisha na kuongeza maagizo ya biti 64. Kuzidisha, kugawa na baki vimewekwa pembeni, kwenye divmul32 na divmul64. Kwa hiyo kifaa kisicho na agizo la kugawa kabisa bado ni halali. Walifanya hivyo kwa sababu zipo kadi za mtandao zinazoendesha kichujio zenyewe bila kuisumbua prosesa kuu, na vifaa vya aina hiyo vinaweza kukosa saketi ya kugawa. Kichujio cha UDP cha mzee hakigawi kitu. Kuna pia kundi linaloitwa packet, maagizo ya kale ya kusoma pakiti yaliyorithiwa toka 1993. Hayo yameshatangazwa kuwa ya kuachwa, muuzaji akija na hilo kama sifa msimkubalie.

Narudia niliyosema mwanzo na hamkuyagusa, wasaidizi na mhakiki. Napendekeza karatasi ya tenda isiandike namba ya RFC na kuishia hapo. Iandike hivi: "Mzabuni ataje makundi ya maagizo ambayo kifaa kinatekeleza, yasipungue base64. Ataje wasaidizi wote wanaoweza kuitwa na kazi ya kila mmoja. Ataje mhakiki na ukomo wake. Chanzo cha C cha kila kichujio kitakachoandikwa kwa fedha za halmashauri kikabidhiwe kwa halmashauri, si maagizo yaliyokwisha kutengenezwa peke yake."

FundiWaUyole
Hili la chanzo sikuwa nimelifikiria, na naona ndilo kubwa kuliko yote. Ukiwa na chanzo, hata wasaidizi wakibadilika namba unakompaili upya.

MwanjelwaWaya
La chanzo naliunga mkono mia kwa mia. Nimewahi kuipokea ruta ya shule ambayo aliyeifunga aliondoka na nywila, ikabidi tuifute yote, watoto wakakaa bila mtandao kipindi cha mitihani.

Lakini kipengele cha kwanza, dada, kitatuua sisi wadogo. Maboksi ninayouza hayana mahali pa kupakia programu ya namna hiyo. Mashine zenye kerneli ya Linux iliyo wazi zipo, ila boksi la ofisi ya kata likigeuzwa kuwa hilo, bei inapanda, na tenda itachukuliwa na kampuni za Dar zenye mtaji. Mtaanza kulinda fedha za wananchi mmalizie kwa kuzitoa Mbeya.

BabuWaIpogolo
Hoja ya mwanangu ni nzito. Ila si kweli kwamba lazima iwe ghali. Ile kompyuta kuukuu ya Intel aliyoitaja mleta mada ikiwekewa Linux mpya inapokea maagizo haya yote bila kununua kitu. Anayeijua kazi hiyo ni fundi wa hapa hapa, si kampuni ya Dar.

DadaMafinga
Kaka wa Mwanjelwa, basi tutenganishe. Ofisi ya kata yenye kompyuta mbili iendelee na boksi lako, kipengele cha chanzo na nywila kinaitosha. Sharti la base64 na wasaidizi liwe kwa lango kuu tu, pale hospitali, shule na ofisi za halmashauri zinapokutana kabla ya kutoka kwenye mkongo. Lango ni moja kwa halmashauri nzima. Na vifaa vilivyopo visitupwe, sharti lishike pale kinaponunuliwa kipya.

MwanjelwaWaya
Kwa lango kuu nakubali. Andika hivyo, ila uongeze kwamba mzabuni awafundishe mafundi wa wilaya husika kukisoma kichujio, na mafunzo hayo yawemo kwenye bei.