Mnaofundisha Mastodon hapa Dodoma, acheni kuwaambia watu haina mwenyewe

Mbukwenyi wakuu.

Nina hasira na sitaificha. Kuna jamaa anazunguka mjini na semina za "uhuru wa mtandaoni". Alikuja ukumbini Area D, akakusanya elfu ishirini kwa kila kichwa kwenye kikundi chetu cha wauza zabibu na mchuzi wa zabibu. Wengi ni akina mama wa Hombolo na Mpunguzi, na hela hiyo ilikuwa ya dawa za shamba. Akawaambia: achaneni na mitandao ya mabilionea, njooni Mastodon, mtandao wa kijamii kama Twitter, huku hakuna mwenyewe, hakuna wa kuwafungia akaunti. Akawasajili wote kwenye seva moja ya rafiki yake, yaani kompyuta inayotunza akaunti na posti zao, akaondoka.

Mavuno ya mwezi wa nane yamefika, seva imezimwa. Hakuna taarifa wala kwaheri. Picha, bei, wateja waliokuwa wakifuatilia, vyote vimepotea. Ukimpigia anajibu, "Hamieni seva nyingine." Huo nao ni uongo, na kwa faida ya wageni wa mambo haya nitaeleza kwa nini.

Mastodon ni programu ya kuendeshea mtandao wa kijamii. Aliianzisha Eugen Rochko, Ujerumani, mwaka 2016. Yeyote mwenye ujuzi anaichukua bure, anaiweka kwenye seva yake na kukaribisha watu. Seva hizo zinaelewana kwa itifaki moja, yaani kanuni za pamoja za mawasiliano, iitwayo ActivityPub, ambayo W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, waliipitisha kuwa kiwango rasmi Januari 2018. Ndiyo maana mtu aliyejisajili kwenye seva ya Japani anamfuata wa Ujerumani na kumjibu, kama wewe wa Voda unavyompigia wa Airtel. Hakuna kampuni moja iliyoshika zote. Hapo jamaa alisema kweli.

Lakini kila seva ina mwenyewe! Kuna mtu anayeilipia, na akichoka au akiishiwa, anazima. Anaweza kukufuta. Anaweza kukata mawasiliano na seva nyingine nzima, na watu wake usiwaone tena. Gab, mtandao wa Marekani unaojulikana kwa matamshi ya chuki, walipohamia kwenye programu ya Mastodon mwaka 2019, seva nyingi ziliwafungia mlango, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Kibaya zaidi, ujumbe wa faragha wa humo mwenye seva anaweza kuusoma. Akina mama wale walikuwa wakitumiana humo namba za simu na mahali pa kukabidhiana hela! Nani aliwaambia?

Haya, kuhama. Kwenye simu, tangu mwaka 2017 hapa kwetu unahama mtandao na namba yako ile ile. Mastodon anwani yako haihami, maana jina la seva limo ndani yake. Unafungua akaunti mpya, humo unaitaja ile ya zamani, kisha unarudi kwenye ya zamani na kuagiza wafuasi wahamishwe. Wafuasi wanakuja. Posti zinabaki kule kule. Na agizo hilo linatoka kwenye seva ya zamani, kwa hiyo lazima iwe hai. Ikishazimwa, mama wa Mpunguzi aagizie wapi? Anaanza upya, bila hata mteja mmoja.

Kinachoniuma ni kwamba haya yote yalikuwa yanaepukika. Mastodon wenyewe wana orodha ya seva ambazo wenyewe wameahidi kutoa taarifa angalau miezi 3 kabla ya kufunga, kuhifadhi nakala kila siku, na kuwa na mtu wa pili mwenye uwezo wa kuingia kwenye mitambo kukitokea dharura. Na ndani ya akaunti kuna sehemu ya kuomba nakala ya posti na picha zako, kila baada ya siku 7. Dakika chache tu za semina zingetosha kuonyesha hayo. Yeye saa nzima alikuwa anamsema Elon Musk na Twitter aliyoinunua Oktoba 2022.

Najua kuna atakayekuja na Bluesky, mtandao mwingine wa aina hii. Ndiyo, wameitengeneza ili utambulisho wako usifungwe na seva unayokaa, na anwani inaweza kuwa tovuti yako mwenyewe. Ila watumiaji wengi mno bado wako kwenye seva za kampuni ile ile, kwa hiyo msianze kutuuzia nayo kwamba haina mwenyewe.

Teknolojia hii naipenda na nataka watu wetu waitumie. Ndiyo maana nataka jamaa arudishe hela za wale akina mama, yote. Na nyie wengine mnaofundisha, kabla hamjamsajili mtu mwambieni seva ni ya nani, inalipiwa na nani, na nakala zake atazichukuaje.

Kama ulihudhuria semina za huyu mtu Nkuhungu, Kisasa au Ihumwa, andika hapa chini alikusajili seva gani. Zilizo hai bado watu wanaweza kuhama na wafuasi wao, nami nitawaelekeza hatua kwa hatua, bure.