Naomba ushauri: tuonyesheje vumbi linavyogeuka kuwa sayari?

Salamu wandugu. Tunaandaa maonyesho ya wanafunzi hapa Nakuru kuhusu Dunia ilivyoumbika miaka bilioni 4.5 iliyopita. Vipimo viko tayari: milimita 1 kwa kilomita 1,000, hivyo Jua lina kipenyo cha mita 1.39, na Dunia ni kama punje kubwa ya mahindi umbali wa mita 150.

Ugumu ni vumbi. Chembe ndogo hunatana zenyewe, ila zikifikia milimita au sentimita chache, zikigongana hudunda au huvunjika. Hata jiwe la mita 1 haliko salama: gesi inayozunguka Jua changa hulipunguza mwendo, likaporomoka kuelekea Jua kwa miaka mia hivi. Njia inayokubalika zaidi ni kokoto kujikusanya ndani ya gesi hadi uvutano uzibane ghafla. Tutaigizaje hayo mezani bila kompyuta? Sinia la maji linalozungushwa hukusanya mchanga katikati, na hilo litawapotosha watoto.

Chuma kuzama hadi kiini cha Dunia tutakionyesha kwa asali na misumari. Je, tutaje pia Menengai, shimo kubwa la hapa Nakuru? Wengi hudhani ilichimbwa na kimondo, kumbe ni kaldera, yaani shimo lililobaki volkano ilipobomoka.