Leth na milingi za mtumba kwa karakana ya nyumbani Mbeya: nikague nini kabla ya kulipa?

Karakana_Uyole
Wakuu, salaam. Naandaa karakana ndogo nyuma ya nyumba hapa Uyole. Banda ni la mita 4 kwa 5, umeme ni wa TANESCO fezi moja. Kazi ninazolenga ni bushi na shafti za mashine za kusaga, puli, shafti za misumeno ya mbao kutoka Mafinga, na vipuri vya pawatila za wakulima wa mpunga wa Mbarali.

Nimepata leth (mashine ya kukereza) aina ya Harrison M300 iko Dar, na milingi (mashine ya kuchonga nyuso bapa) ya Bridgeport iko Iringa. Zote zina mota ya fezi tatu. Ile leth imepigwa rangi upya, muuzaji anasema haina tatizo lolote. Nikifika pale nikague nini? Umeme nifanyeje? Na hela isipotosha zote mbili, nianze na ipi?

Fundi_Iyunga
Mkuu, rangi isikushughulishe kabisa. Leth ni kitanda (reli ndefu za chini) na spindo (shafti kuu inayozungusha kazi), vingine vyote vinatengenezeka. Beba dayo geji (kipimo cha mshale) yenye sumaku, maikromita, tochi, na kipande cha shafti cha milimita 40.

Anza na kitanda. Sogeza kereji (kibebeo cha kisu) karibu na chaki (kishikio chenye taya mbele ya spindo), kaza kufuli lake kidogo tu hadi usikie linashika kwa mbali, kisha zungusha gurudumu kuelekea mwisho wa kitanda. Ikianza laini halafu ikagoma kadiri inavyokwenda nyuma, basi reli zimelika upande wa chaki, kwa sababu huko ndiko kazi nyingi hufanyika. Kugoma kidogo ni kawaida kwa mashine ya umri huo. Ikikwama kabisa kabla ya katikati, achana nayo, maana kusaga kitanda upya kunaweza kuzidi bei ya mashine yenyewe.

Spindo: weka ncha ya dayo geji ndani ya tundu la spindo, sehemu iliyosagwa, sio juu ya chaki. Zungusha kwa mkono. Ikizidi 0.02 mm uliza maswali. Kisha pitisha ubao wa kama sentimita 60 chini ya chaki, unyanyue kwa nguvu ya wastani huku ukiangalia mshale. Ukipanda 0.01 au 0.02 na kurudi, beringi ziko sawa. Ukipanda 0.05 na kuendelea, beringi zinacheza: huenda zinahitaji kukazwa tu, huenda zimekwisha, na pale huwezi kujua ni lipi, kwa hiyo hesabu kuwa zimekwisha na punguza bei kwa kiasi hicho.

Washa kila spidi, moja baada ya nyingine, usikubali kuonyeshwa moja tu. Mlio unaojirudia kila mzunguko, tak tak tak, ni jino la gia lililovunjika. Kabla ya hapo fungua kizibo cha oili kwenye kichwa cha gia na uchovye kidole. Mle inatakiwa oili nyepesi ya haidroliki, namba 32 au 46. Ukikuta imejazwa oili nzito ya difu, jua kuna sauti inafichwa. Oili nyeupe kama maziwa ina maji. Pitisha sumaku ndani uone kama inatoka na unga wa chuma.

Kisha kata. Funga ile shafti ya milimita 40 itokeze 150 mm bila kuishika kwa kichwa cha nyuma (kile cha mwisho wa kitanda, mkabala na chaki). Acha kola (mikanda iliyonyanyuka) mbili, moja karibu na chaki na nyingine mwishoni, zikate zote kwa mpito mmoja mwepesi bila kugusa slaidi ya mbele (inayoingiza na kutoa kisu), halafu pima. Tofauti ya 0.02 mm ni nzuri sana. Ikiwa 0.06, usikimbilie kukataa: mashine iliyosimama kwenye sakafu isiyo sawa hujipinda na hutoa kosa hilo hilo. Linganisha na jaribio la kufuli. Kama kufuli liliteleza vizuri mwanzo hadi mwisho, kosa lina uwezekano mkubwa wa kuwa la sakafu.

Slaidi zikiwa na ulegevu kwenye skrubu, yaani unageuza gurudumu na kisu hakiendi hadi 0.3 mm hivi, hiyo isikutishe. Nati ya bronzi utaikereza mwenyewe.

Umeme_Makambako
Upande wa umeme, soma kibao cha mota kabla hujafikiria lolote. Kikiandikwa 230/400, umepona: unanunua inveta (kifaa cha kubadilisha umeme) inayoingiza 230 V fezi moja na kutoa 230 V fezi tatu, unaunganisha mota kwa delta (koili tatu kwa pembetatu), unakereza. Kikiandikwa 400/690, delta yake ni ya 400, na kwa inveta hiyo haitakuwa na nguvu.

Mota ya M300 kwa kawaida ni 2.2 kW. Ukubwa wa inveta hesabu kwa fezi moja, sio kwa fezi tatu. Baadhi zimeandikwa uwezo wa fezi tatu, na ukiziingizia fezi moja zinabaki na kama nusu. Halafu tuko juu. Inveta nyingi zimepimwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, na kila mita 100 zinazoongezeka hupunguza uwezo kwa kama asilimia 1, kwa sababu hewa nyepesi haipoozi vizuri. Mbeya ni kama mita 1,700. Nunua ya 3.7 kW au 4 kW iliyoandikwa uwezo huo kwa fezi moja. Waya 6 mm², breka ya 32 A yake peke yake, na ethi ya kweli iliyochimbiwa.

Usiweke swichi yoyote kati ya inveta na mota. Ukiikata njiani wakati mota inazunguka unaweza kuua inveta. Swichi za zamani za mashine ziunganishe kwenye waya ndogo za kuamrisha inveta. Muda wa kusimama weka sekunde 5 hadi 8, maana chaki nzito ikisimamishwa ghafla hurudisha umeme na inveta hujizima. Na usishuke chini ya hezi 20 kwa muda mrefu: feni ya mota inazunguka taratibu, mota inaungua. Spidi ndogo tumia gia, ndiyo kazi yake.

Karakana_Uyole
Shukrani sana. Nimetumiwa picha ya kibao cha mota: 415 V peke yake, na ndani ya boksi kuna waya tatu tu.

Umeme_Makambako
Hiyo kwa kawaida imefungwa sta kwa ndani, yaani ncha moja ya kila koili imeunganishwa pamoja. Fundi mzuri wa kusuka mota anaifungua, anatafuta pale ncha tatu zilipounganishwa pamoja, anazitenganisha na kutoa waya tatu zaidi nje. Ukishakuwa na ncha sita unaunganisha delta na mota inakuwa ya 240 V. Kazi yenyewe ni ya uvumilivu: vanishi ya zamani imekauka, waya ukikunjwa vibaya unakatika ndani ya koili na hapo ni kusuka upya. Mwambie aweke mirija ya kuzuia joto na apake vanishi tena.

Pampu ya maji ya kupoozea nayo ni fezi tatu. Usihangaike nayo, weka ya fezi moja. Taa ya mashine pia hupitia transfoma inayotaka 415, hiyo haitawaka.

Mkerezaji_Mafinga
Anza na leth, mkuu. Kwa kazi ulizotaja, leth itakulisha kila siku. Milingi utaitaka zaidi kwa kiwei (mfereji wa kukaa ufunguo wa shafti) na nyuso bapa, na kiwei cha puli unaweza kukivuta kwenye leth kwa kisu kilichofungwa ubavu huku spindo imefungwa, 0.1 mm kila mvuto.

Lakini kabla ya kulipa, hesabu vifaa vinavyokuja nayo. Chaki ya taya tatu, chaki ya taya nne, stedi (kiegemeo cha shafti ndefu), sahani ya mbele, senta, na gia za kubadilisha. Kwa shafti za misumeno, stedi ni lazima: shafti ndefu bila stedi hupinda katikati na kutoka nene kiunoni. Taya za chaki zina namba 1, 2, 3, na namba ya taya ilingane na ya chaki. Zikiwa za chaki tofauti, haitashika katikati kamwe. Uliza pia kipande cha kitanda kinachotoka chini ya chaki kwa ajili ya puli kubwa. Kikiwa kimepotea, usitegemee kupata kingine kitakachokaa sawa.

Angalia kama skrubu kubwa ya tredi ni ya inchi au ya milimita. Ya inchi inakata tredi za milimita sawasawa kwa kutumia gia ya meno 127, kwa kuwa inchi ni milimita 25.4, na 25.4 mara 5 ni 127. Gia hiyo isipokuwepo, iweke kwenye bajeti.

Ile Bridgeport ukienda kuiona, peleka meza hadi mwisho wa kila upande. Ikiwa nyepesi katikati na nzito pembeni, imelika katikati, na ukiikaza katikati haitafika pembeni. Nyanyua ncha ya meza kwa mkono huku dayo geji ikiwa juu yake. Fungua spindo uone tundu la R8 (umbo la mahali pa kukaa koleti) halijachubuliwa na koleti (kishikio cha kisu) iliyozunguka ndani. Na pima urefu wa banda lako: inazidi mita mbili, na fimbo ya kufunga koleti inatoka kwa juu, inahitaji nafasi.

Fundi_Iyunga
Naongezea usafiri. M300 inakaribia robo tatu ya tani na uzito umelalia upande wa kichwa cha gia. Ukiinyanyua, sogeza kereji na kichwa cha nyuma mwisho kabisa ili zisaidie mizani, pitisha mkanda chini ya kitanda, na uweke mbao ili mkanda usiguse skrubu ndefu (ile ya tredi) wala shafti ya fidi (inayosogeza kereji yenyewe). Ikipinda skrubu hiyo, umeshapoteza tredi. Ifunge kwa bolti kwenye mbao nene mbili kabla ya kupanda gari, kwa kamba peke yake inaanguka. Kichwa cha gia kielekee kwenye kabini, na ikazwe mbele na nyuma, maana Kitonga mzigo unarudi nyuma kwenye mlima na kona zinauvuta pembeni. Paka grisi sehemu zote zilizosagwa, turubai juu.

Bridgeport inakaribia tani nzima. Shusha meza hadi chini, geuza kichwa kielekee chini ili uzito usiwe juu.

Udongo wa Uyole ni mwepesi, wa majivu ya volkano. Shindilia vizuri kisha mwaga zege ya milimita 150 yenye nondo pale itakaposimama leth. Ikishakaa, tumia lile jaribio la kola mbili kunyoosha: kaza au legeza skrubu ya mguu wa upande wa kichwa cha nyuma, robo mzunguko kwa mara moja, kata, pima, hadi kola zilingane. Rudia baada ya mwezi, zege mpya ikishatulia.