Kusoma usalama wa mtandao huku kazi imekubana: tupeane uzoefu

Kijana_wa_Kampemba (Lubumbashi): Leo shefu kaandikia biro nzima: kila mtu wa informatiki awe na cheti cha usalama wa mtandao kabla mwaka haujaisha. Saa za kusoma hakutoa. Natoka kazini giza limeshaingia, nikifika nyumbani umeme nao hauna ahadi. Waliopita hapa, mlisoma saa ngapi? Nataka yaliyowapata nyinyi wenyewe, matangazo ya vyuo nimeshayasoma.

Nyota_Katuba: Saa kumi alfajiri. Watoto wamelala, mega za usiku ni nafuu, hakuna anayekupigia simu printa imekwama. Mchana hausomi, usijidanganye.

Papa_Mapacha: Nyota, unamshauri mtu asilale halafu kukipambazuka akalinde seva za watu? Aliyechoka ndiye anayebofya kiungo kibaya. Mafunzo ya kazi yasomwe saa za kazi, na mshahara ukihesabika.

Nyota_Katuba: Hayo kamwambie mwajiri wangu, Papa. Ukimwomba saa moja anakuonyesha mlango.

Wa_Kadutu (Bukavu): Njo vile, yaya. Wangu pia.

Mpakani: Hilo la "soma kwa muda wako" limenigusa pabaya. Nilikuwa kampuni inayoleta vipuri vya mitambo ya migodini. Mimi na kijana mmoja ndio tulikuwa informatiki yote: printa, simu, kamera za ghala. Niliandika barua kuomba mchana mmoja kwa juma, sisi na watu wa uhasibu, tufuate SecNumacadémie. Ilikuwa kozi ya mtandaoni ya ANSSI, wakala wa serikali ya Ufaransa wa usalama wa mtandao; ilianza 2017, kwa Kifaransa na bure. Jibu likaja: malori yamekwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nani ana muda wa kozi?

Haukupita muda, ikaingia barua pepe ya msambazaji wetu wa Afrika Kusini. Ilikuja kama jibu ndani ya mazungumzo yaleyale tuliyokuwa nayo, inataja oda yetu, kiasi chetu, hata salamu anazotumia yule mama siku zote. Kilichobadilika ni akaunti ya benki, na kwenye anwani herufi moja imeandikwa mara mbili. Ijumaa alasiri, ankara zimejaa mezani kwa mhasibu, madereva wanapiga simu kutoka mpakani wanadai posho. Akalipa. Jumatatu msambazaji wa kweli akauliza pesa yake iko wapi. Kiasi sitakitaja. Nilimkuta shefu amekaa kwenye ngazi za biro, kashika kichwa, hasemi na mtu. Benki ilijaribu kuirudisha, lakini Jumamosi na Jumapili zilikuwa zimepita na akaunti ile ilishakombwa.

Mhasibu akafukuzwa. Mama wa watu, hakuiba hata franki. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Akaunti ikibadilika, unampigia msambazaji kwa namba uliyo nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua. Kumfundisha mtu jambo hilo hakumalizi hata mapumziko ya mchana. Tuliomba, tukanyimwa.

Wa_Himbi (Goma): Mungu wangu. Huyo mama alipata kazi tena?

Mpakani: Anauza vitenge soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Nikipita namsalimia.

Fundi_Ruashi: Pole, lakini naye alipaswa kuiona ile herufi. Kazi ya mhasibu ni macho.

Mpakani: Ndugu, ungekaa kiti chake Ijumaa ile usingeandika hivyo. Hakuna aliyewahi kumwambia aangalie anwani.

Papa_Mapacha: Fundi, wezi wanajua kalenda kuliko sisi. Februari 2016, Benki Kuu ya Bangladesh ilipoteza dola milioni 81 kwa watu waliovizia mwisho wa juma. Hiyo ni benki kuu. Mwacheni mama wa watu.

Wa_Himbi: Turudi kwa kijana. Sehemu kubwa ya Security+, cheti cha mwanzo cha usalama wa mtandao cha CompTIA, niliisomea kwenye boti ya Goma na Bukavu, maana kazi ilinitaka miji yote miwili. Unashusha video biro, ukifika ziwani hakuna wa kukuita. Mtihani wake hauzidi maswali 90 kwa dakika 90, unahitaji alama 750 kwenye kipimo cha 100 hadi 900. Inaruhusiwa kuufanyia nyumbani mbele ya kamera, ila kwa umeme wetu sikuthubutu. Nilipanda gari nikaufanyia kituoni Kigali.

Nyota_Katuba: Vyeti baadaye. Aanze na TryHackMe, tovuti ya mazoezi ya usalama wa mtandao, mkono uzoee kwanza.

Fundi_Ruashi: Shefu kadai cheti, Nyota, hakudai mazoezi.

Papa_Mapacha: Basi amuulize ni cheti kipi. Akisema CISSP, cheti cha waliobobea, ISC2 wanaokitoa wanataka miaka 5 ya kazi katika angalau maeneo 2 kati ya 8 ya mtihani wao. Kwa mwaka mmoja kijana haipati, hata akiacha kulala. Na aitaje sheria: Kanuni ya Kidijitali ya nchi yetu, Amri-Sheria 23/010 ya 13 Machi 2023, inamdai anayeshika data za watu azilinde. Kwa hiyo haya mafunzo ni haja ya kampuni. Saa zitoke kwa kampuni.

Wa_Kadutu: Ukijiandikisha darasa la Kinshasa, angalia saa. Wakisema saa kumi na mbili jioni, kwetu huku mashariki ni saa moja usiku.

Kijana_wa_Kampemba: Aksanti sana, wakubwa zangu. Barua naiandika kesho: cheti kitajwe jina, na nipewe mchana mmoja kwa juma. Mpakani, nikieleza kisa chako bila majina, utaniruhusu?

Mpakani: Kieleze. Na uombe wahasibu waingie pia. Msikae informatiki peke yenu.