Minyoo wa miiba kwenye tangi la matumbawe: kuwaacha, kuwatega au kuwatafutia mlaji?

TangiLaNgong (Nairobi)

Wakuu, salaam. Nina tangi la lita 300, mawe hai (mawe ya miamba yenye viumbe na bakteria ndani), matumbawe laini kwa wingi na magumu machache, kangaja mmoja na samaki wengine wadogo. Juzi usiku nilizima taa nikamulika na tochi, nikakuta wale minyoo wa rangi ya waridi wenye nywele nyeupe ubavuni wamechomoza kwenye kila tundu. Chini ya jiwe la mbele wamejazana hadi mchanga unatikisika. Wiki hiyohiyo chaza wangu, Tridacna, alikufa. Nilipomwinua asubuhi walikuwa ndani ya gamba wanakula.

Ushauri nilioupata mpaka sasa hauelewani. Mmoja ananiambia niwaache, ni wafagiaji. Mwingine anasema niwatege. Muuza samaki anataka kuniuzia kaa mshale awale. Na jamaa mmoja anasisitiza nitoe mawe yote niyakaushe juani nianze upya, jambo ambalo naogopa hata kulifikiria. Mliokwisha kupita hapa, mngechagua lipi, na kwa nini?

Mkomani_Miamba (Mombasa)

Pole kwa chaza, ndugu yangu. Kwa maelezo yako huyo ni Eurythoe complanata au jamaa zake wa karibu. Huku kwetu maji yakipwa, geuza jiwe la tumbawe lililokufa utamkuta kajikunja chini yake. Anakula mabaki: chakula kilichozama, mavi ya samaki, mwani unaooza, konokono aliyekufa usimwone. Anaingia kwenye nyufa ambazo konokono hafiki, pampu haifiki na mkono wako haufiki. Mchanga nao anaupekua usiku kucha, hewa inapita.

Sasa chaza. Tridacna ana njia nyingi za kufa kabla mnyoo hajamgusa. Mwanga hautoshi, chumvi inapanda na kushuka, au ana wale konokono weupe wadogo wa jamii ya Pyramidellidae, ambao hutoka usiku kumnyonya kwenye ukingo wa gamba. Hebu chukua gamba hilo ulitazame chini, karibu na pale anaposhikia jiwe, kama kuna vijikonokono saizi ya punje ya mchele. Nyama ikianza kuoza harufu inasambaa majini, na minyoo ndio wa kwanza kuisikia. Wewe umewakuta matangani ukawaita wauaji.

Halafu nijibu hili: unalisha nini, mara ngapi kwa siku?

Bin_Seif (Muscat)

Bwana Mkomani, nakuheshimu, lakini tusimpe mnyoo cheti cha tabia njema. Chaza mgonjwa si chaza mfu. Wapo wanaodhoofika wiki mbili, maji yakirekebishwa wanarudi. Ukiwa na minyoo wachache, anapata nafasi ya kurudi. Ukiwa nao mia wenye njaa, hawamngojei akate roho. Ndiyo maana mimi sikubali hii lugha ya "ni wafagiaji tu, waache". Kumi ni wafagiaji, mia ni jambo jingine.

Kuhusu walaji, kwa kuwa umeuliza tulinganishe, tuwaseme mmoja mmoja. Kaa mshale, Stenorhynchus seticornis, kweli anawala, na kumtazama akimvuta mnyoo kutoka tunduni ni burudani. Lakini huyo ni kiumbe wa Atlantiki, huko Nairobi utamlipia ghali. Na akikua haishii kwenye minyoo. Wale minyoo wazuri wenye manyoya yaliyotandazwa kama upepeo anawang'oa, na samaki mdogo aliyelala chini naye hayuko salama. Kamba wa mistari myekundu na myeupe, Stenopus hispidus, yuko hata kwenye miamba ya Afrika Mashariki, naye anakula minyoo. Tabu yake ni kwamba hataki kamba mwenzake tangini. Yule samaki wa mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, anaokota minyoo wachanga tu, wakubwa hawagusi, na akishajiona mwenye nyumba humpiga kila samaki mpole unayemleta baada yake. Unanunua mlinzi ambaye kesho utamtafutia mlinzi.

Mimi ningetega.

Kombo_Leicester (Uingereza)

Kabla ya kutega au kuacha, jua una nani. "Minyoo wa miiba" ni ukoo mkubwa sana, na hasira zote za watu zinatokana na ndugu wachache ndani yake.

Mkubwa wao ni Eunice aphroditois. Mwaka 2009 huku kwetu, kwenye maonyesho ya samaki ya Blue Reef mjini Newquay, matumbawe yalikuwa yakikutwa yameharibika, mengine yamekatwa kabisa, na samaki wakijeruhiwa. Waliweka chambo, mitego ikararuliwa. Mwishowe wakabomoa mandhari ya tangi jiwe kwa jiwe, wakamtoa mnyoo wa zaidi ya mita moja. Inaaminika aliingia mdogo ndani ya jiwe. Na baharini wapo wanaofika mita tatu.

Wa jamii hiyo utamtambua kichwani: ana papasi tano (vijipembe vya kupapasia) mbele, taya zinazofunga kama mkasi, na mwili unang'aa rangi za upinde wa mvua ukimulikwa. Yale manyoya meupe ya ubavuni hutayaona vizuri kwake. Wa waridi mwenye manyoya mengi meupe si huyo.

Mwingine wa kumwogopa ukiwa na chaza ni Oenone fulgida. Rangi ya machungwa, laini, hana nywele za kuonekana, anatoa ute mwingi. Huyo anaua chaza na konokono walio hai, na haitaji wawe wagonjwa.

Dada_wa_Theluji (Minneapolis)

Naongezea kwenye orodha ya Kombo, maana huku Marekani tuna tatizo ambalo nyie wa Bahari ya Hindi hamna. Mawe hai yanayofugwa baharini Florida huweza kuja na Hermodice carunculata, mnyoo-moto mwenye ndevu. Kwao ni Atlantiki, Karibi na Mediterania. Huyu anakula matumbawe kweli. Hupanda kwenye tawi la Acropora, tumbawe gumu la matawi, akalimeza ncha nzima, akatoka akaacha mfupa mweupe. Asubuhi ukikuta ncha nyeupe tupu huku sehemu ya chini ya tawi ni nzima, mfikirie yeye.

Na ana kisa kingine. Mwaka 2003 watafiti walieleza kwamba bakteria Vibrio shiloi, aliyekuwa akibausha tumbawe la Oculina patagonica kule Mediterania kila kiangazi, alikuwa akijificha ndani ya mnyoo huyu wakati wa baridi. Kwa hiyo baharini hakuwa mlaji peke yake, alikuwa na mzigo mgongoni.

Kumtofautisha na wa kwako, kaka TangiLaNgong: Hermodice ana vishada vyekundu au vya machungwa vya matamvua kila pingili, na kichwani juu ana kitu kilichokunjamana kama kitambaa cha marinda. Eurythoe naye ana kitu hicho, ila ni kidogo mno, bila kioo cha kukuzia hukioni. Tumia tochi yenye mwanga mwekundu. Mwanga mweupe unawakimbiza ndani kabla hujaona kichwa.

TangiLaNgong (Nairobi)

Asanteni sana. Nimemulika kwa nyekundu. Ni waridi, miiba meupe, hakuna marinda, hakuna papasi tano. Mrefu kuliko wote nakadiria anafika urefu wa kalamu. Wengi ni wadogo kuliko kidole. Matumbawe yote mazima, hakuna ncha iliyokatwa.

Gamba la chaza nimelitazama, Mkomani. Kuna vijikonokono weupe kwenye mkunjo wa chini. Sijui nicheke au nilie.

Chakula: asubuhi vidonge, jioni mchemraba mmoja wa kamba wa kugandisha, na shemeji yangu aliyekuja kutembea huwaongezea mchana "kwa sababu wanamwangalia".

Mkomani_Miamba (Mombasa)

Basi kesi imekwisha. Shemeji ndiye anayefuga minyoo.

Sikiliza. Kangaja na wadogo wachache hawamalizi hicho chakula. Kinachozama kinageuka nyama ya minyoo, na kisichogeuka minyoo kinageuka naitreti na fosfeti, uchafu unaoyeyuka majini. Tena Eurythoe hahitaji hata mwenzake ili aongezeke: hukatika vipande, na kipande kikaota kichwa au mkia mpya. Ukimkata kwa kisu kwa hasira umezalisha. Kwa hiyo punguza chakula, ule mchemraba uuyeyushe kwenye chujio na kuumwagia maji kwanza ile juisi isiingie tangini, safisha skima (kile chombo cha kutoa uchafu kwa povu). Wao wenyewe watapungua. Polepole, lakini watapungua.

Bin_Seif (Muscat)

Nakubali shemeji ana kesi ya kujibu. Lakini kupunguza chakula peke yake, kwa ghafla, ukiwa na kundi hilo lote, ndiko kunakoleta wale mia wenye njaa niliowasema. Fanya yote mawili pamoja: shusha chakula kidogokidogo huku unawatoa.

Mtego haununuliwi. Chukua kipande cha bomba la plastiki au kichupa kidogo, toboa matundu ambayo mnyoo anapita na samaki hapiti, weka kipande cha kamba ndani, laza mchangani karibu na jiwe baada ya kuzima taa. Ni dema la kichupa. Wengine hutumia soksi nyembamba ya nailoni yenye chambo, minyoo wananasa kwa miiba yao wenyewe. Toa kabla ya alfajiri, ukichelewa wameshiba na wameondoka.

Ila usitege kila usiku hadi waishe. Toa wakubwa, bakisha wengine.

FundiSkima (Dar es Salaam)

Kuna mtu ataleta hoja ya dawa, kwa hiyo niizime mapema. Fenbendazole, ile dawa ya minyoo ya mbwa, inawaua kweli. Inaua na konokono, na baadhi ya matumbawe laini hayaivumilii. Inanywewa na mawe ikabaki humo, hata konokono wapya unaowaleta baadaye wanakufa. Halafu fikiria minyoo mia wamekufa kwa mpigo ndani ya nyufa ambazo huwezi kufikia. Lita 300 za maji, amonia inapanda usiku mmoja, asubuhi unazika kangaja.

Kukausha mawe ni hivyohivyo. Hapo hufukuzi minyoo, unaua kila kitu ulichomlipia muuzaji wa mawe, sifongo, bakteria wanaosafisha maji, vidudu vyote vinavyoliwa na samaki. Njia hiyo ina maana kwa Kombo na jini lake la mita moja, na hata hapo ni jiwe moja linatolewa, si yote. Jiwe la kushukiwa unaweza kulichovya kwenye ndoo ya maji ya chumvi kali kuliko ya tangi kwa dakika chache, waliomo wanatoka mbio. Fanya hivyo kwa jiwe jipya, kabla halijaingia.

Nesi_Asha (Tanga)

Nasoma kimya lakini sioni aliyesema kuhusu mikono. Hiyo miiba ni kama vioo vya chokaa, ina uwazi ndani, inakatikia kwenye ngozi. Eurythoe ana kemikali inaitwa komplanini, ndiyo inayowasha na kuvimbisha. Glavu zile nyembamba za hospitali inazipita. Vaa za jikoni, zile nene.

Ukichomwa usisugue. Bandika selotepu juu ya ngozi, ivute, rudia kwa kipande kipya hadi miiba itoke. Kisha loweka kwenye siki au maji ya moto unayoyavumilia. Ukivimba sana, ukipata shida ya kupumua, au iliingia jichoni, hiyo si ya nyumbani, nenda hospitali. Na usijikune macho ukiwa unapanga mawe, tafadhali.

Kombo_Leicester (Uingereza)

Dada Asha kasema la maana kuliko sisi wote. Wanaume wa humu wanajadili taya za mnyoo huku wanatia mkono mtupu.

TangiLaNgong (Nairobi)

Nimeamua hivi. Kaa mshale simnunui. Mawe hayatoki. Chakula nashusha, shemeji nimemwonyesha minyoo kwa tochi na amekoma mwenyewe. Natega wakubwa, siku mbili tatu kwa wiki, hadi mchanga utulie. Chaza mwingine sileti mpaka nijue vile vijikonokono vimekwisha.

Bin_Seif, naona bado huwaamini.

Bin_Seif (Muscat)

Siwaamini. Lakini tangi langu nalo linao, na sijawahi kuwamaliza wala sitaki.

ChumviKavu (Thika)

Samahani kuingilia. TangiLaNgong, hao utakaowatoa usiwatupe. Mimi nilianza na mawe makavu tupu, mchanga wangu umefunikwa na mwani wa kahawia na mabaki yanakaa kwenye pembe hayaondoki. Naomba wadogo wachache. Nitakuja na ndoo Jumamosi, maji ya chumvi nabeba yangu.

Mkomani_Miamba (Mombasa)

Mpe. Ila ChumviKavu, watie kwanza kwenye bakuli jeupe uwatazame mmoja mmoja. Wa waridi mwenye manyoya, chukua. Laini wa machungwa, au anayeng'aa na papasi tano, mwachie Kombo. Na tazama wasije na vijikonokono weupe, hasa kama una mpango wa chaza.